Babu Katika Orodha ya Maadui

Kadi yenyewe si kubwa. Juu imepigwa chapa kwamba mwenye jina hili ni mwanamume, raia wa nchi adui, na kwamba amesamehewa kuwekwa kizuizini kwa kuwa ni mkimbizi. Chini yake mambo yamepangwa kwa namba: jina la ukoo na majina mengine, tarehe na mahali pa kuzaliwa, uraia, namba ya hati ya polisi, anwani, kazi yake ya siku zote, kazi anayofanya sasa, jina la mwajiri, uamuzi wa baraza na tarehe yake. Mwishoni kuna swali ambalo mtu aliyetoroka Berlin au Vienna angelicheka kama asingekuwa na hofu: je, anataka kurudishwa kwao? Kadi za namna hii zimejaa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza huko Kew, magharibi mwa London. Nyingi zilijazwa kuanzia Oktoba 1939 hadi miezi ya mwanzo ya 1940.

Mjukuu anayeiona kwa mara ya kwanza husoma neno "amesamehewa" akashusha pumzi. Kumbe babu hakufungwa, bibi alikuwa akitia chumvi tu. Akiishia hapo, amepotea. Kadi ilijazwa wakati mabaraza yapatayo 120 yalipokuwa yakiwachuja Wajerumani na Waaustria zaidi ya 70,000 katika makundi matatu: A wafungwe mara moja, B wawekewe masharti, C waachwe huru. Waliotiwa kundi A walikuwa takriban 600 tu, na zaidi ya 60,000 wakawa C. Halafu Mei na Juni 1940 zikaanguka Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Hofu ikapanda, na serikali ya Churchill ikawazoa watu wale wale iliyowasamehe miezi michache nyuma. Kiasi cha watu 27,000 waliishia kizuizini. Habari hiyo, pale ilipoandikwa, iko nyuma ya kadi: muhuri au mwandiko wa haraka wenye tarehe ya kukamatwa na tarehe ya kuachiwa. Na nyuma za kadi nyingi zilifungwa kwa umma kwa miaka 85, hata pale upande wa mbele ulipokuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuusoma.

Ugumu wa utafiti wa aina hii umejikusanya wote katika karatasi hiyo moja. Faili la kizuizini liliandikwa na dola iliyotaka kujua jambo moja, yaani huyu mtu ni wa nani, na likatunzwa, likapotea au likateketezwa kulingana na muda ambao dola iliendelea kulihitaji jibu. Ndiyo maana anayeanza kwa kuuliza "babu alifungwa kambi gani?" huzunguka sana. Anayeanza kwa kuuliza "babu alikuwa raia wa wapi, na tangu lini?" hufika haraka zaidi, kwa kuwa uraia ndio uliomtia ndani na ndio uliozaa karatasi.

Vita vya Kwanza vinalionyesha hilo vizuri. Uingereza ya mwaka 1914 ilikuwa na Wajerumani wapatao 57,500. Walikuwa vinyozi, waoka mikate, wauza nyama, wahudumu wa hoteli, makarani, mabaharia walioshuka melini wakaoa na kubaki. Wengi walikaa miaka 20 au 30 bila kuomba tajnisi, kwani hakuna aliyewadai pasipoti, na ada yake haikuwa ndogo kwa mtu anayeishi kwa mkasi na wembe. Tarehe 5 Agosti 1914, siku moja baada ya vita kutangazwa, Bunge lilipitisha sheria ya kuwabana wageni. Kila raia wa nchi adui akatakiwa kujiandikisha polisi, na Oktoba mwaka huo akakatazwa kubadili jina. (Ukoo wa kifalme, nao wenye asili ya Kijerumani, ulibadili jina lake kuwa Windsor mwaka 1917 bila bughudha.) Meli ya Lusitania ilipozamishwa tarehe 7 Mei 1915, makundi ya watu yalivunja maduka yenye majina ya Kijerumani kuanzia Liverpool hadi mashariki mwa London. Siku sita baadaye Waziri Mkuu Asquith akatangaza kwamba wanaume wote wa nchi adui walio katika umri wa kupigana watawekwa ndani. Kufikia Novemba raia zaidi ya 32,000 walikuwa nyuma ya seng'enge.

Katika nyumba moja uraia uliweza kugawanyika mara tatu. Baba aliyezaliwa Württemberg ni adui. Mwanawe aliyezaliwa London ni Mwingereza kwa kuzaliwa, na kuanzia 1916 anaweza kuitwa jeshini. Vijana wengi wa namna hiyo walipangwa katika vikosi vya kazi vya Middlesex, ambavyo wenzao walivibandika jina la kejeli la kikosi cha Kaisari. Mama je? Sheria ya Uingereza ilisema mwanamke akiolewa na mgeni anafuata uraia wa mumewe. Hivyo mwanamke wa Yorkshire ambaye hakuwahi kuvuka bahari, wala kujua neno la Kijerumani zaidi ya majina ya vyakula, alikuwa Mjerumani tangu siku ya ndoa, na vita vilipoanza akawa anaripoti polisi kama mumewe.

Kwa mtafiti, mama huyu mara nyingi ndiye mwenye karatasi nyingi kuliko mfungwa mwenyewe. Mume akishaingia kambini, mapato yanakatika. Mke anaomba posho kwa walezi wa maskini wa wilaya yake, na huko kuna madaftari. Anakwenda kwa kamati ya dharura iliyoundwa na Waquaker Agosti 1914 kwa ajili ya Wajerumani, Waaustria na Wahungari wenye shida, na huko nako kuna kumbukumbu, zinazotunzwa London. Mwaka 1918 sheria ikamfungulia mlango wa kuurudia uraia wake wa kuzaliwa, naye akiomba, faili linafunguliwa Wizara ya Mambo ya Ndani, lenye maelezo ya ndoa, watoto, makazi na mume aliyeko kizuizini. Watu wengi humtafuta babu miaka nenda miaka rudi bila kufikiria kulichapa jina la bibi.

Halafu kuna sensa. Ya 1911 inamkuta kinyozi nyumbani na familia yake. Ya 1921, iliyofunguliwa kwa umma Januari 2022, inamkuta mke na watoto peke yao, au haimkuti yeyote. Pengo hilo nalo ni ushahidi. Baada ya vita waliofungwa walirudishwa kwao kwa wingi, wengi bila hiari yao, na kufikia 1919 Wajerumani waliobaki Uingereza walikuwa takriban 22,000. Familia isiyoonekana 1921 yaelekea ilipanda meli, na utafutaji unahamia kwenye vitabu vya parokia na ofisi za miji ya Ujerumani.

Na kambi zenyewe? Kubwa kuliko zote ilikuwa Knockaloe, shamba karibu na mji wa Peel katika Kisiwa cha Man, kati ya Uingereza na Ireland. Ilipofunguliwa Novemba 1914 ilikusudiwa watu 5,000. Kabla vita havijaisha ilikuwa na zaidi ya 23,000, wamegawanywa katika kambi nne na nyua 23 zilizotenganishwa kwa seng'enge, na reli ndogo ikiwaletea mizigo kutoka Peel. Mjini Douglas, kisiwani humo humo, kambi ya likizo ya vijana iligeuzwa gereza mapema zaidi. Tarehe 19 Novemba 1914 ghasia zilizuka katika ukumbi wa kulia chakula, walinzi wakafyatua risasi, na wafungwa watano wakafa.

Kwa idadi hiyo ya watu mtu angetegemea bahari ya karatasi. Haipo. Kumbukumbu za ofisi iliyoshughulikia wafungwa ziliteketea kwa sehemu kubwa katika mabomu ya vita vilivyofuata. Kilichosalia Kew ni orodha mbili za mfano za Wajerumani wa miaka 1915 na 1916, barua za idara ya wafungwa ya Wizara ya Mambo ya Nje za 1915 hadi 1919, na vipande hapa na pale. Mtu aliyelalamika, aliyeugua, aliyeandikiwa barua na ubalozi, au ambaye mkewe alimwandikia waziri, huonekana katika barua hizo. Aliyetulia akapanga foleni ya supu kwa miaka minne hakuacha alama. Nyaraka zina upendeleo huo, na ni vyema mtafiti aujue kabla hajaanza kudhani kwamba wote walikuwa wakorofi.

Fidia ya karatasi zilizoteketea imo Geneva. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilianzisha wakala wa wafungwa wa vita Agosti 1914, na daktari Frédéric Ferrière akasisitiza kwamba raia nao washughulikiwe, wakati mikataba ya siku hizo iliwajua wanajeshi tu. Mwandishi Mfaransa Romain Rolland alikuwa miongoni mwa waliojitolea kujibu barua katika idara hiyo ya raia. Serikali za pande zote zilipeleka orodha, makarani wakazinakili katika kadi, na mwaka 2014 mamilioni ya kadi hizo yaliwekwa kwenye intaneti bila malipo.

Kuzisoma kunataka subira. Hakuna kisanduku cha kuandika jina kikakuletea jibu. Mtafutaji huchagua taifa, huchagua raia au mwanajeshi, kisha hupekua picha za kadi kwa mpangilio wa majina kama anayepekua droo. Akiipata kadi, hajafika bado: juu yake kuna herufi na namba, na namba hiyo ni ya ukurasa katika orodha nyingine. Wengi hupiga picha kadi wakaondoka na furaha yao. Ukurasa ule ndio wenye kambi, mahali alipozaliwa, na mara nyingi jina na anwani ya ndugu wa karibu. Anwani hiyo peke yake huweza kuifungua nusu ya pili ya ukoo, ile iliyobaki kijijini.

Tahajia nayo husumbua. Karani Mwingereza aliyesikia jina la Kijerumani kwa sikio la Kiingereza aliliandika alivyoweza. Johann akawa John, herufi zenye nukta mbili juu zikapoteza nukta zake, na kijiji cha Galicia kikaandikwa "Austria" basi. Mtu aliyezaliwa Poland ya leo aliweza kuwa raia wa Ujerumani, wa Austria-Hungaria au wa Urusi, na akiwa wa Urusi hakufungwa kabisa kwa kuwa Urusi ilikuwa mshirika. Bila ramani ya 1914 mezani, utafiti huu ni kupapasa gizani.

Orodha huthibitisha kuwapo, haisemi mtu alishindaje. Joseph Pilates, Mjerumani ambaye mbinu zake za mazoezi ya viungo zinafundishwa leo dunia nzima, alifungwa Knockaloe, na imesimuliwa mara elfu kwamba vyombo vyake vilianzia kwenye springi za vitanda vya wagonjwa kambini. Nyaraka za mfungwa hazibebi simulizi ya namna hiyo, wala hazikuundwa kuibeba. Maisha ya ndani hutafutwa kwingine: katika magazeti yaliyochapwa na wafungwa wenyewe, kama lile la kambi ya Stobs huko Scotland, katika ripoti za wakaguzi wa nchi zisizopigana, katika kazi za mikono. Mquaker James Baily aliendesha karakana Knockaloe, na samani zilizobuniwa na Charles Rennie Mackintosh kwa ajili ya nyumba namba 78 Derngate, mjini Northampton, zilitengenezwa na mikono ya wafungwa wa kambi hiyo. Daktari Mswisi Adolf Lukas Vischer aliyetembelea kambi aliandika mwaka 1918 juu ya maradhi aliyoyaita ya seng'enge: kukosa usingizi, kusahau, hasira za ghafla, chuki kwa jirani wa kitanda. Familia inayokumbuka kwamba babu alirudi "si yule" itaambulia zaidi kwa Vischer kuliko katika kadi kumi.

Vita vya Pili viliacha karatasi nyingi zaidi na mitego mipya. Kuachiwa kwenyewe kulikuwa na makundi. Julai 1940 serikali ilitangaza makundi 18 ya watu wanaoweza kutolewa, kama wagonjwa, wenye ujuzi uliohitajika na waliokubali kujiunga na kikosi cha kazi za jeshi. Kwa hiyo tarehe ya kuachiwa inasema habari mbili: siku, na dirisha ambalo mtu alipitia. Max Perutz, mwanakemia kutoka Vienna aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1962, alipelekwa hadi Kanada kabla ya kurudishwa Cambridge. Wapiga fidla watatu wa kundi la muziki la Amadeus walifahamiana kizuizini.

Waitaliano wako katika kapu tofauti. Hao hawakupitishwa katika mabaraza. Mussolini alipotangaza vita tarehe 10 Juni 1940, polisi walianza usiku ule ule, na waliodhaniwa wa hatari walitokana na orodha iliyoandaliwa na idara ya ujasusi, ya watu waliotajwa kuwa wanachama wa chama cha Kifashisti. Mjukuu wa muuza aiskrimu wa Cardiff anayetafuta uamuzi wa baraza anatafuta karatasi ambayo haikuandikwa. Na orodha ile ilikuwa mbovu. Decio Anzani, katibu wa jumuiya ya Waitaliano watetezi wa haki za binadamu mjini London na mpinzani wa Ufashisti anayejulikana, alikamatwa kwa orodha hiyo, akapakiwa katika meli ya Arandora Star iliyokuwa ikielekea Kanada, na akafa tarehe 2 Julai 1940 nyambizi ya Kijerumani ilipoizamisha magharibi ya Ireland. Watu zaidi ya 800 walikufa, Waitaliano wakiwa zaidi ya 440. Orodha ya abiria nayo ilikuwa na makosa, familia nyingine zikakaa muda mrefu bila kujua nani alipanda na nani hakupanda, na maiti zikawa zinatupwa na mawimbi kwenye fukwe za Ireland na Scotland majira hayo yote ya joto. Mji wa milimani wa Bardi, kaskazini mwa Italia, ulipoteza watu 48 katika meli hiyo moja, wengi wao wenye migahawa katika mabonde ya Wales. Bardi kuna kanisa dogo la kuwakumbuka. Kwa ukoo wa huko, makaburini ni hifadhi ya nyaraka kama ilivyo Kew.

Meli ziliwatawanya watu, na zikazitawanya karatasi pia. Dunera iliondoka Liverpool tarehe 10 Julai 1940 na watu wapatao 2,500, ikatia nanga Sydney Septemba 6, wakapelekwa kambi za Hay na Tatura. Bahati ya wajukuu wao ni kwamba serikali ya Australia ilimfungulia kila mfungwa fomu yenye maelezo ya mwili, alama za vidole na mara nyingi picha, na Hifadhi ya Taifa ya Australia imezitunza na kuziweka nyingi kwenye intaneti. Anayekwama London aende huko. Kanada ni kinyume chake kwa vita vya 1914: watu 8,579 waliwekwa ndani, zaidi ya 5,000 kati yao wakiwa Waukraine waliokuwa raia wa Austria-Hungaria, na sehemu kubwa ya kumbukumbu zao iliharibiwa na serikali yenyewe katika miaka ya 1950.

Afrika Mashariki imo katika hadithi hii kwa mlango wake. Waingereza walipoziteka Tanga na Dar es Salaam mwaka 1916, walowezi na wamisionari wengi wa Kijerumani walisafirishwa hadi Ahmednagar, India. Anayemtafuta mlowezi wa Usambara katika orodha za Tabora au Kilwa hatamwona, ilhali ripoti ya wajumbe wa Msalaba Mwekundu waliozikagua kambi za India na Burma ilichapishwa mwaka 1917. Mashamba yao yalishikwa na msimamizi wa mali za adui kisha yakauzwa, na Wajerumani hawakuruhusiwa kurudi Tanganyika hadi 1925. Hapa mali huongea kuliko kambi: shamba la mkonge lina mipaka, bei, mnunuzi na madeni, na jalada lake huweza kumtaja mwenyewe kwa miaka mingi kabla na baada ya kufungwa kwake. Familia za Kitanzania zenye babu Mjerumani na bibi wa nchini hukuta mara nyingi kwamba hati za kambi hazimtaji bibi wala watoto. Vitabu vya ubatizo vya misheni vinaweza kuwataja.

Septemba 1939 mambo yalijirudia, safari hii na Wajerumani wapatao 3,000 waliokuwa Tanganyika. Waliokamatwa wengine walirudishwa Ujerumani, wengine wakapelekwa Afrika Kusini na Rhodesia ya Kusini, na hivyo karatasi za mtu mmoja huweza kugawanyika kati ya Dar es Salaam, Harare, Pretoria na London. Kenya nako walikamatwa hata Wayahudi waliomkimbia Hitler. Stefanie Zweig, aliyeletwa Kenya akiwa mtoto mwaka 1938, alisimulia kukamatwa kwa baba yake katika riwaya iliyotokana na maisha ya familia yake, iliyotoka mwaka 1995 na kuzaa filamu iliyoshinda Oscar. Mpishi Owuor, anayezungumza Kiswahili na mtoto jikoni, amejaa katika kitabu hicho. Katika jalada la kizuizini mtu kama yeye hana nafasi ya kuandikwa. Riwaya haithibitishi tarehe, lakini humwambia mtafiti aulize habari za nani.

Kuna jambo ambalo wajukuu hawapendi kulisikia. Kizuizini hakikuwa na Anzani na wakimbizi wa Kiyahudi peke yao. Tanganyika ya miaka ya 1930 ilikuwa na tawi la chama cha Nazi lililojipanga vizuri chini ya Ernst Troost, na miongoni mwa waliokamatwa mwaka 1939 wamo waliovaa nembo hiyo kwa kujivunia. Kambi za Kisiwa cha Man nazo ziliwachanganya wakimbizi na wafuasi wa Hitler, wakati mwingine katika nyumba za wageni za mtaa mmoja. Neno "adui" lililopigwa chapa juu ya kadi lilikuwa uongo kwa mmoja na kweli kwa mwingine, na kadi zao zinafanana. Wa kuwatenganisha ni majalada ya pembeni: maombi ya tajnisi yenye majina ya wadhamini, barua zilizopita kwa mkaguzi, kumbukumbu za vyama zilizoko Berlin, na jibu la swali lile la mwisho kwenye kadi, kama alitaka kurudishwa kwao au la.